Wimbo wa Karakanani

Baba yangu alikuwa seremala mjini Kisumu, na kwa zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi katika karakana ya Kalasinga mmoja karibu na reli. Akisukuma randa juu ya ubao wa mvule, alikuwa akiimba chinichini wimbo mmoja, mistari miwili tu, halafu anairudia. Maneno hayakuwa ya Kijaluo wala ya Kiswahili. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni wimbo wa randa, kwa sababu sauti ilipanda randa ikienda na ikashuka randa ikirudi. Nilipomuuliza maana yake alisema haijui. Aliuokota hapo hapo kazini, kwa mzee mwenye karakana, ambaye naye alikuwa akiuimba akigonga patasi.

Neno Kalasinga tumekua nalo Kenya nzima, tukimwita hivyo kila mwenye kilemba na ndevu. Mzee yule, Singasinga wa Kipunjabi, alipenda aitwe Sardarji, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa.

Nikitaja muziki wa Wapunjabi mbele ya rafiki zangu, wote huruka moja kwa moja hadi kwenye bhangra: ngoma kubwa inayotikisa ukumbi, mabega yanarushwa, mikono juu. Bhangra naipenda. Lakini tangu usiku mmoja nikiwa na umri wa miaka kumi, nimeamini kwamba muziki ule unabebwa hasa na wanawake, kwa sauti tupu, wameketi sakafuni katika chumba kisicho na ngoma. Nimeubeba usiku ule kwa muda mrefu bila kuuandika, na Biji ameshafariki, kwa hiyo acha niuandike.

Sardarji alikuwa anamwoza mjukuu wake wa kike. Mafundi wote walialikwa pamoja na wake zao. Siku chache kabla ya harusi, mama alinivisha gauni la Krismasi tukaenda. Wanaume walibaki uani na baba. Mimi na mama tulipitishwa ndani hadi kwenye chumba kilichotolewa viti na meza zote, mashuka meupe yametandikwa chini ukuta hadi ukuta. Walikuwamo wanawake kama ishirini, na watoto wa kike wamelala mapajani. Katikati, juu ya kigoda, alikaa bibi harusi, amepakwa manjano usoni na mikononi hadi kwenye viwiko, jinsi wari wa Pwani wanavyosingwa. Mbele yake alikuwa Biji, mke wa Sardarji. Biji ni neno la heshima kwa mama au bibi, na mtaa wetu mzima ulimwita hivyo, hata wale kina mama waliompelekea samaki asubuhi.

Biji alivuta mtandio ukamfunika kichwa, akafumba macho, akatoa sauti. Haikuwa na neno ndani yake. Ilikuwa sauti moja tu, ndefu, iliyosimama juu bila kuyumba, hadi nikaanza kuhesabu pumzi zangu mwenyewe. Wapunjabi wanaiita hek. Ndipo maneno yakaingia, taratibu, na wanawake wote wakayapokea. Hakuna aliyepiga makofi, wala hakuna aliyetikisa kichwa. Bibi harusi alitazama magoti yake.

Mama alimsogelea baadaye, wakati wa chai. "Mama, ule wimbo wa kwanza ulikuwa unasema nini?"

Kiswahili cha Biji kilikuwa cha jikoni na sokoni, na hakuwahi kukionea haya. "Hii iko wimbo ya msichana na baba yake," alisema. "Watu nauliza yeye, wewe msichana, kwa nini nasimama nyuma ya mti ya sandali? Yeye nasema, mimi nasimama na baba yangu. Naomba yeye, Baba, tafutia mimi bwana. Bwana namna gani? Kama mwezi katikati ya nyota."

Akanywa chai yake. Kisha akaongeza, kama mtu anayesahihisha: "Hii hapana wimbo ya furaha. Hii ya kuomba."

Nyimbo za namna ile zinaitwa suhag, na ni za upande wa mwanamke peke yake. Kwa siku kadhaa kabla ya ndoa, ndugu na majirani hukusanyika jioni wakaziimba. Ukizisikiliza kwa makini utaona nyingi hazimsifu bwana harusi. Msichana anazungumza na babul, yaani baba. Anamwambia kwamba mabinti ni kundi la shomoro, wataruka. Anatafuta kila kisingizio cha kutotoka. Anamuuliza baba nani atasokota pamba kwenye gurudumu nyumbani kwako, na baba anajibu: wajukuu zangu watasokota, wewe binti yangu nenda kwako. Anasema machela yake, ile ya kumbebea bibi harusi, haipiti kwenye nyumba hii, na baba anajibu kwamba atang'oa tofali moja.

Miaka mingi baadaye nilimtafsiria baba ubeti ule. Baba amefunga miimo ya milango maisha yake yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tofali moja halitoshi." Nadhani hakuna aliyewahi kuuelewa wimbo ule kuliko yeye.

Kijiji cha Kipunjabi kilijengwa juu ya sharti kwamba binti aolewe mbali, katika kijiji kingine, kwa watu ambao pengine hajawahi kuwaona. Suhag ndiyo nafasi pekee aliyopewa ya kusema mbele ya baba yake, mbele ya shangazi na majirani, kwamba jambo hili linaniuma. Halisemi yeye mwenyewe. Linasemewa na mabibi waliopita njia hiyo hiyo, naye anakaa kimya katikati. Ndiyo maana naudhika nikisoma nyimbo hizi zikiitwa burudani za harusi.

Usiku wa kuamkia ndoa ukawa kinyume kabisa. Mke wa mjomba wa bibi harusi alitokea jikoni na mtungi wa shaba kichwani, na kuzunguka mdomo wa mtungi zilipangwa taa ndogo zilizofinyangwa kwa unga wa ngano, ndani yake mafuta ya haradali na tambi za pamba, zote zinawaka. Joto la taa lilimtoa jasho kwenye paji la uso. Mwanamke mwingine alishika fimbo ndefu yenye njuga, akawa anaigonga chini: cha, cha, cha. Wakatoka getini wote, mimi nyuma yao nimeshika mtandio wa mtu nisiyemjua, wakaenda mlango hadi mlango kuamsha majirani. Hiyo inaitwa jaago, maana yake amkeni. Walinzi wa usiku walisimama kutazama. Wanawake wale ambao mchana nilikuwa nikiwaona madukani wametulia, wakipima kitambaa kwa yadi, walikuwa wakiimba kwa sauti ya kuvunja koo, na wakicheka kwa vicheko ambavyo mama alikataa kunieleza sababu yake.

Walifikaje Kisumu watu hawa na nyimbo zao? Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kutoka India ya Waingereza, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walifia njiani au kazini, wengi walirudi kwao mkataba ulipoisha, na kama 6,700 walibaki. Baadaye wakaja mafundi zaidi, maseremala na wahunzi kwa ukoo, na wake zao wakafuata. Mtu aliyepakiwa melini Karachi na kifurushi kimoja hakubeba dhol, ile ngoma kubwa ya bhangra. Wimbo haukuhitaji nafasi kwenye kifurushi. Jengo lao la ibada pale Makindu, lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli hiyo hiyo, linajulikana na kila dereva wa barabara ya Mombasa kwa chakula cha bure. Ila nyimbo ninazozisema hapa hazina jengo.

Nirudi Punjab kwenyewe, maana huko ndiko ziliko. Jina lenyewe maana yake ni mito mitano: Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Ni nchi tambarare ya ngano, haradali na miwa, na wakulima wake wana wimbo kwa kila kipande cha maisha. Mtoto analazwa kwa lori, yaani wimbo wa kubembeleza. Wasichana walikuwa wakikusanyika usiku kusokota pamba pamoja, baraza waliyoiita trinjan, wakaimba gurudumu likizunguka. Ndiyo maana gurudumu la kusokotea linatokea katika tungo nyingi, hata leo ambapo hakuna anayesokota. Mwezi wa Sawan mvua zikishuka, mabinti walioolewa hurudi kwao, pembea hufungwa kwenye miti, na wanawake hucheza giddha.

Giddha ni duara, na ala yake kuu ni makofi. Mmoja anaghani boli, tungo fupi inayotembea kwa kishindo kuelekea mstari wa mwisho, na mstari ule ukifika wote wanaudaka na kuurudia huku wawili wakiingia katikati kucheza. Ndani ya boli unaweza kusema lolote. Mume mlevi anasemwa, mama mkwe anasemwa zaidi, kaka wa mume aliyekwenda jeshini anasemwa kwa namna ambayo haitafsiriki hapa. Mwanamke ambaye mchana hawezi kumtazama baba mkwe wake usoni, jioni ndani ya duara anamwiga jinsi anavyotembea na mkongojo.

Halafu kuna sithni. Hizi ni nyimbo za matusi, na nazipenda kupita kiasi. Msafara wa bwana harusi ukifika na kuketi kula, wanawake wa upande wa bibi harusi hujipanga na kuanza kuwaimbia wageni: baba wa bwana harusi ana tumbo kama gunia, mjomba wake amekuja na viatu vya kuazima, shangazi yake, eti, ana mambo yake. Wageni hawaruhusiwi kujibu wala kukasirika. Wanakula na wanatukanwa. Msomaji wa Mombasa au Unguja ameshacheka, kwa sababu anajua mipasho ni nini na anajua vijembe vya wanawake kwenye vugo vinavyomfikia mlengwa bila jina lake kutajwa. Tofauti ni kwamba sithni inampa mtu haki hiyo siku ile tu, kwa watu wale tu, na kwa sababu nzito: upande unaompoteza binti unapewa neno la mwisho kabla ya kumkabidhi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vyama vya marekebisho vya Masingasinga na vya Wahindu vilizipiga vita sithni, vikaona ni aibu kwa wanawake wa heshima. Vivyo hivyo vikapinga siapa, maombolezo ambamo wanawake walisimama duara wakijipiga vifua kwa mpigo mmoja huku mmoja akiongoza maneno. Sithni zilinusurika, zikiwa zimepunguzwa makali. Siapa karibu imekwisha, na kwa maoni yangu hapo palipotea kitu kikubwa.

Wavulana nao wana siku yao, Januari 13, usiku wa Lohri, baridi ikiwa kali. Watoto hupita nyumba hadi nyumba wakiimba habari za Dulla Bhatti, mwasi wa karne ya 16 aliyempinga mfalme Akbar na kunyongwa Lahore. Katika wimbo hakumbukwi kwa vita. Anakumbukwa kwa kuwaoza wasichana maskini wasio na mtu wa kuwasimamia, akawa baba yao, akatoa sukari kiasi alichokuwa nacho iwe mahari. Watoto wakimaliza kuimba hupewa ufuta, njugu, bisi na sukari guru, na sehemu yake hutupwa motoni. Hilo neno guru tunalolitumia kila siku kwa ile sukari nyeusi ya miwa ni neno la huko huko. Zamani Lohri kubwa ilifanywa nyumba iliyopata mtoto wa kiume. Siku hizi ziko familia nyingi zinazowasha moto kwa ajili ya mtoto wa kike, na wimbo wa mtu aliyewalinda mabinti umepata maana ambayo ulikuwa ukiingoja.

Sasa dhol. Nimeishika mara moja, kwenye harusi Nairobi, mpigaji alipokuwa akipumzika. Ni pipa la mti, kwa kawaida mwembe au shisham, na shisham ni wa jamii moja na mpingo wetu. Kwa hiyo kitu cha kwanza baba alichofanya nilipomwonyesha picha ni kuuliza habari za ubao wake. Inaning'inia shingoni kwa mkanda. Upande mmoja ngozi ni nene, na unapigwa kwa dagga, fimbo iliyopinda kwenye ncha kama mpini wa mkongojo. Upande wa pili ngozi ni nyembamba, unapigwa kwa tilli, kijiti chembamba cha mwanzi. Dagga inaweka mguu chini. Tilli inajaza nafasi kati ya hatua na hatua, haraka, kama mvua juu ya bati. Ukisimama karibu, sauti ya dagga inakupata tumboni kabla ya sikio, na hapo unaelewa kwa nini ngoma hii ilitumika shambani wakati wa mavuno, na kwa nini sherehe ya Vaisakhi katikati ya Aprili, ngano inapoiva, haiwezi kufanyika bila yake.

Lakini bhangra ya jukwaani, ile yenye mavazi ya rangi na safu zilizopangwa, si ya kale kama inavyodhaniwa. Mchezo wenyewe ulikuwa wa wilaya za magharibi kama Sialkot na Gujranwala, ambazo mwaka 1947 ziliangukia Pakistan. Katika miaka ya 1950, upande wa India, vijana kutoka Sunam, wakiwamo Manohar Deepak na ndugu zake, pamoja na mpiga dhol Bhana Ram, waliokota vipande vya bhangra, luddi, jhummar na michezo mingine wakavishona kuwa kitu kimoja, wakakipeleka kwenye gwaride la Siku ya Jamhuri mjini Delhi na kisha kwenye filamu. Umri wake unakaribiana na wa baba yangu. Kwangu hilo haliishushi hadhi. Watu waliokuwa wamepoteza nusu ya nchi walikaa chini wakaunda ngoma ya kuwakusanya.

Kuhusu kupoteza. Mwaka 1947, India ilipogawanywa, mstari ulichorwa katikati ya Punjab, na watu zaidi ya milioni 10 wakavuka huku na huku, wengi wakauawa njiani. Muziki ulikatwa mahali ambapo wachache wanapataja. Waimbaji na wapigaji wa ukoo, wanaoitwa mirasi, walikuwa Waislamu karibu wote, na walikuwa wakiwahudumia Masingasinga, Wahindu na Waislamu bila ubaguzi. Wao ndio waliokuwa wakikariri nasaba za familia, wakaja kila harusi na kila mazishi. Uhusiano huo ulikuwa mkongwe: Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga, alizunguka nchi akiimba pamoja na Mardana, mirasi Mwislamu aliyempigia rabab, ala ya nyuzi. Mirasi walipovuka kwenda Pakistan, vijiji vya upande wa India vikabaki na ndoa zisizo na waimbaji wake, na vya upande wa pili vikabaki na waimbaji waliopoteza wenyeji wao. Aliyeziba pengo hilo ni mwanamke wa nyumbani. Suhag haikumhitaji mirasi. Ilivuka mpaka mdomoni mwa bibi, pamoja na mtoto mgongoni.

Na kuna Heer. Waris Shah aliutunga utenzi wa Heer na Ranjha mwaka 1766, kisa cha msichana aliyempenda mchunga nyati wa kufugwa na kulishwa sumu na jamaa zake. Unaimbwa kwa lahani moja tu inayojulikana kote, polepole, bila mpigo wa ngoma, na anayeuimba anaweza kuwa wa dini yoyote. Ndiyo maana mshairi Amrita Pritam, aliyelazimika kuondoka Lahore, mji ulioangukia Pakistan, mwaka 1947, hakumlilia kiongozi yeyote. Alimwita Waris Shah azungumze kutoka kaburini. Alimwambia kwamba binti mmoja wa Punjab alilia nawe ukaandika utenzi mzima, leo mabinti wanaolia ni malaki.

Mwaka 1943, Punjab ikiwa bado moja, dada wawili wa Lahore, Parkash Kaur na Surinder Kaur, walirekodi wimbo kuhusu mama na mabinti walioketi pamoja. Baada ya mgawanyiko waliondoka Lahore. Surinder Kaur aliendelea kuimba hadi uzeeni, akafariki mwaka 2006. Biji alikuwa na santuri zao ndani ya kabati la kioo, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Upande wa pili wa mpaka Alam Lohar alikuwa akiimba huku anapiga chimta, na chimta si kitu kingine ila koleo refu la chuma, ndugu wa lile la kutolea chapati motoni, lililovishwa visahani vidogo vinavyolia kama njuga. Lohar maana yake mhunzi. Mafundi wa Kisumu walimpenda sana kwa sababu hiyo.

Wako pia waliotugusa bila sisi kujua. Ghulam Haider, mtunzi wa Lahore, aliingiza midundo ya dholak, ngoma ndogo ya Kipunjabi, kwenye muziki wa filamu za Kihindi, na filamu ya Khazanchi ya mwaka 1941 ikaifanya midundo hiyo ipendwe India nzima. Filamu za Kihindi zikajaza majumba ya sinema ya Mombasa, na taarabu ikachukua lahani zake. Waliompenda Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, wamekuwa karibu na Punjab kuliko wanavyofikiri.

Kisha familia zikahama tena. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Uganda kuwafukuza Waasia mwaka 1972, Wapunjabi wengi wa Afrika Mashariki walikwenda Uingereza. Mtayarishaji Kuljit Bhamra, mmoja wa waliojenga sauti ya bhangra ya Uingereza, alizaliwa Nairobi mwaka 1959. Alianza kwa kumpigia tabla mama yake, Mohinder Kaur Bhamra, aliyekuwa akiimba kwenye harusi za Southall, mtaa wa London, na mama huyo anakumbukwa kwa kuwahimiza wanawake wainuke wacheze katika kumbi ambazo wanaume ndio waliokuwa wakicheza. Hata ile bhangra ya spika kubwa, ukifuata uzi wake, unamkuta mama anaimba harusini.

Miaka michache iliyopita nilialikwa harusi ya Kipunjabi Nairobi. Bibi mmoja wa umri wa Biji alianza suhag, na hek yake ilikuwa bado nzima. Hakufika ubeti wa tatu. Fundi wa mitambo alikuwa anapima spika, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaziwasha kabisa. Bibi alimalizia midomo ikitembea bila kusikika, akajifunga mtandio vizuri. Hakuna aliyekwenda kumwambia yule kijana asubiri dakika tano. Mimi pia nilibaki nimekaa, na bado najilaumu.

Ndipo nilipomtafuta binti wa mwisho wa Biji, anayeishi Uingereza. Nilimpigia simu ya video nikiwa nyuma ya nyumba yetu Kisumu, ambako baba ana meza yake ya kazi. Sasa ni mzee na anatengeneza vigoda tu. Nilimwambia, Baba, imba ule wa karakanani. Akakataa. Akasema hajui maneno yake. Nikamwomba tena, akaweka mkono juu ya randa kana kwamba wimbo umo humo ndani, akaimba mistari yake miwili.

Yule dada alinyamaza upande wa pili hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mzee, huo ni wimbo wa baba yangu. Ni ghori." Akaeleza taratibu, Kiswahili chake kikiwa bado cha Kisumu. Ghori ni farasi jike, na nyimbo za ghori ni za upande wa bwana harusi. Anapandishwa farasi, mke wa kaka yake anampaka wanja machoni, na dada zake wanashika hatamu, hawaachii mpaka awape zawadi. Wimbo ni wa dada. Sardarji aliusikia kwa dada zake siku aliyooa, kabla ya kupanda meli, na hao dada hakuwaona tena.

Baba alisikiliza yote. Kisha akauliza kama ameuimba sawasawa.

"Neno moja tu, Mzee. Umesema hivi, ni hivi." Akamtamkia. Baba akalirudia mara tatu hadi likakaa. "Na yako mengine," dada akasema. "Hiyo miwili ni mwanzo tu." Akavuta pumzi, akaimba mstari wa tatu.

Baba alitoa penseli sikioni, akageuza ubao aliokuwa ameupiga randa, akauandika kwa herufi kubwa, jinsi alivyousikia. Akaniashiria kwa mkono nisikate simu.